Vijiti vya Umri Mmoja

Nilifika Kashikishi siku ya pili ya msiba wa Tantine Marseline, shangazi aliyenilea, nikiwa nimechoka na vumbi la barabara ya Mansa limenijaa masikioni, na mtu wa kwanza kumwona uani hakuwa Fifi, binti wa marehemu. Alikuwa Ba Mwape, mwenye nyumba, mzee sasa, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na wanaume wa jirani, sahani mapajani. Aliinuka nusu, akanipa mkono kwa heshima, akasema, "Mwaiseni, mwalimu. Poleni." Nikaitikia. Mkono wake ulikuwa wa joto, umelowa mchuzi, nami nikaujutia kama niliyeiba kitu mfukoni mwake. Miaka zaidi ya ishirini na tano nimekuwa nikimwogopa mtu huyu ambaye hajanifanyia lolote baya maishani. Nilipopita kuingia ndani niliona mlango wa chumba cha mwisho bado umefungwa, na ule ufunguo mmoja wa kutu bado unaning'inia kwenye msumari palepale, kana kwamba mwenye chumba ameenda mtoni na atarudi sasa hivi.

Nitaruka habari za wazazi wangu na jinsi nilivyovuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo. Kila mkimbizi anayo hadithi hiyo na watu wamechoka kuisikia, hata sisi wenyewe. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na sita, tukikaa vyumba viwili katika nyumba ya mama yake Ba Mwape: mimi, Tantine, na binti yake Fifi aliyekuwa na miaka kumi na moja. Chumba cha tatu, cha mwisho, kilikuwa cha bibi mwenyewe. Sisi tulimwita Bana Mwape kama kila mtu alivyomwita, yaani mama wa Mwape, ingawa Mwape mwenyewe alikuwa mbali, kwenye migodi ya shaba. Kuta za matofali ya udongo hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno yalipita juu ya ukuta kama moshi. Tulimsikia akikohoa, akiimba nyimbo za kanisani kwa Kibemba, na mara nyingi akiongea peke yake, taratibu, kama mtu anayesubiri jibu kisha anaendelea. Kitanda changu kiliegemea ukuta wake. Nilijua anapogeuka.

Bibi huyu alikuwa na kanuni za kutenganisha vitu ambazo zilitutia wazimu. Mafuta ya taa hayakulala chumba kimoja na chumvi. Kinu cha kutwangia majani ya muhogo hakikuwa kinu cha unga, na mchi wa huku haukugusa huko. Beseni lililotoka kwenye maji ya kuloweka mihogo halikuvuka kizingiti cha mahali tunapokula. Akishatwanga sombe, yaani majani hayo, alikiacha kinu wazi katikati ya uwanja, akasimama upande ambao upepo unatoka, mikono nyuma, akikitazama tu. Siku ya kwanza nilipotaka kusaidia, nikainama juu ya kinu niyakusanye majani, alinivuta kwa ukosi wa gauni nusura nianguke.

"Awe, mwana! Usiinamie. Acha itoe pumzi kwanza."

"Nini itoe pumzi, bibi?"

"Hii. Itapumua tu. Kama haipumue inje, itapumua mu tumbo yako."

Kulikuwa na harufu kweli, nyembamba, kali kidogo, harufu ya kitu kisichofaa kuwa kwenye chakula. Fifi aliinusa na hakusikia chochote. Nikadhani ananitania. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna watu pua zao haziwezi kuisikia kabisa, na wanaweza kusimama juu yake wakicheka.

Mihogo yetu tuliloweka kwenye dimbwi la kijito kilichoingia ziwani, ndani ya matete. Kila nyumba ilikuwa na pembe yake, na kila lundo lilikuwa na safu yake ya vijiti vya tete. Ndivyo wanawake wa pale walivyohesabu siku. Ukitumbukiza mihogo unachomeka kijiti kimoja kwenye matope, kesho cha pili, mpaka vinne. Na baada ya cha nne ndipo mihogo inatolewa, laini hadi inabonyea kwa kidole. Hakuna aliyegusa kijiti cha mwenzake. Hata wezi, ambao miezi ile ya njaa walikuwepo wengi, waliiba mihogo na kuacha vijiti.

Mwezi wa kumi na mbili uvuvi ulifungwa kama kila mwaka, hadi mwisho wa mwezi wa pili, na samaki wakatoweka mezani. Zikabaki mboga na bukari, ugali wetu wa muhogo, na siku nyingine bukari na chumvi. Tantine alianza kupeleka salaula kwenye soko la Puta, nguo za mitumba alizozifunga kwa shuka na kuzibeba kichwani hadi kwenye gari. Aliondoka Jumatatu, akarudi Jumamosi.

"Numbi, mi naenda," aliniambia. "Mihogo nimeitia mu maji leo. Vijiti ine, unasikia? Ine, hapana tatu. Halafu utoe, umenye, uanike pale ku mawe."

Siku ya tatu nilishuka dimbwini saa sita mchana kuchomeka kijiti. Mvua ilikuwa imetishia asubuhi yote na mawingu yalikuwa yamekaa chini, hakuna mtu, hata ndege wa matete wamenyamaza. Niliingia maji ya magoti. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kuliko yanavyopaswa kuwa. Kisha yakaanza kutoa mapovu, kwanza mbali, baadaye karibu yangu, mapovu madogo madogo yakipanda kutoka kwenye lundo bila kitu chochote kuyagusa, na ile mihogo iliyovimba ikajigeuza yenyewe, mmoja ukanigusa nyuma ya mguu, laini, kama mkono wa mtu aliyekaa majini siku nyingi. Sina njia nyingine ya kusema: nilihisi kwamba kuna kinachopumua chini yangu. Nilikimbia na kijiti mkononi. Nilipofika nyumbani Bana Mwape alikuwa mlangoni. Alinitazama miguu yenye matope akacheka bila sauti.

"Imeanza kupumua?" akauliza. "Ni vizuri. Ni vizuri sana."

Mtu mwenye akili angemwuliza maana yake. Mimi nilimwona yeye na lile dimbwi kuwa kitu kimoja.

Wiki iliyofuata nilipata ujanja. Mapovu yalianza siku ya tatu. Basi nisingefika hiyo siku ya tatu. Tantine alipoondoka Jumatatu, nilikwenda Jumanne asubuhi, nikachomeka vijiti vitatu kwa mara moja kando ya kile cha kwanza, nikaitoa mihogo ikiwa bado migumu. Niliimenya kwa kisu, nikaipasua, nikaianika kwenye mawe. Ilikauka vizuri. Nilipoitwanga ilitoa unga mweupe ambao sijawahi kuuona, hauna ule uchachu wala ile rangi ya kijivu. Tantine aliushika kiganjani akasema mbele ya majirani, "Muone bunga ya mutoto wangu! Kama ya kiwanda!" Nilivimba kichwa. Nilifanya hivyo wiki ile, na iliyofuata, na zote hadi mwezi wa pili, na kila Jumamosi Tantine alipita dimbwini, akaviona vijiti vinne, akaridhika.

Aliyejua ni mmoja tu. Bana Mwape macho yake yalikuwa yamefifia, vitu vingi alivijua kwa vidole. Jioni moja kabla jua halijazama nilimkuta amechutama kwenye pembe yetu ya dimbwi, akivipapasa vijiti vyangu kimoja kimoja, kutoka juu hadi kwenye matope, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Hakugeuka.

"Vijiti vyako vyote viko na umri mumoja," akasema.

Nilisimama nimeshika ndoo. Aliinuka, akapita karibu yangu, akaongeza kwa sauti ya chini kabisa, "Kijiti cha siku ine kiko na utelezi. Hivi ni vikavu vyote. Nani unamudanganya, mwana? Maji?" Kisha akaenda zake. Nilijaa hasira na hofu pamoja, na kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka hofu ilikuwa kubwa kiasi gani, ili nijihurumie.

Alimwambia Tantine, hilo nakiri. Nilimsikia juu ya ukuta: "Huyu mutoto anatoa mihogo mbio. Hiyo bunga haiyakufa." Tantine alijibu kwa upole wa mpangaji, lakini alipoingia chumbani kwetu akabana midomo. "Unasikia ile mwanamuke? Anaona wivu. Bunga yake ya rangi ya majivu, yetu shiye nyeupe." Nami nikasema, "Njo vile, Tantine." Tangu siku hiyo bibi alikataa kula bukari letu. Jumapili tulizoea kumpelekea sahani. Akawa anairudisha haijaguswa. Na jambo la pili likaanza, baya zaidi machoni pa Tantine. Mchana, tukiwa sote uani, alimwita Fifi kwa kidole aje ale kwake, alimtengea bukari lake la kijivu na maharage. Tantine alimkataza mtoto. Mtu anayekataa chakula chako halafu anamwita mwanao ale cha kwake, gizani mwa chumba chake, anataka nini? Mimi nilikuwa nikila maharage shuleni kila mchana pamoja na wanafunzi wa bweni. Tantine alikula sokoni Puta. Fifi alikula nyumbani, unga wangu, asubuhi na jioni.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili. Tulikuwa tumekwisha kuvaa. Fifi, ambaye kwake nilikuwa yaya, yaani dada mkubwa, aliniita kutoka kitandani, sauti ya kawaida kabisa: "Yaya Numbi, miguu yangu banaifunga na nini?" Hakuna aliyeifunga. Alisimama kwa kushika ukuta na visigino vyake havikugusa chini. Alisimama kwa ncha za vidole, kama amevaa viatu virefu tusivyoviona, magoti yakisuguana, mapaja yakitetemeka. Tantine akacheka. "Fifi, acha mchezo, tunachelewa misa." Fifi naye akacheka, akajaribu hatua, miguu ikapishana kama mkasi, akaanguka. Hakuumwa popote. Hakuwa na homa. Alikaa sakafuni akiitazama miguu yake kwa mshangao, kama miguu ya mtu mwingine aliyeiacha hapo. Upande wa pili wa ukuta, nilijua, Bana Mwape amesimama, anasikiliza.

Muuguzi wa kliniki alikuwa msichana mwerevu. Alimgonga magoti, akamtazama kisigino kikirukaruka chenyewe, akamwuliza Tantine swali moja tu. "Mihogo mnaloweka siku ngapi?"

"Siku ine, madame," Tantine akasema kwa fahari. "Muulize huyu, njo anaitoa."

Muuguzi akanigeukia. Dirisha lilikuwa wazi, nakumbuka, na mtu alikuwa akifua nje. Wiki hiyohiyo Tantine alikuwa amesema, si kwa ubaya, kwamba asiyemfaa atamrudisha ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo walikuwa wakiuana.

"Siku nne," nikasema.

"Basi si mihogo," akasema muuguzi, akaandika, akaanza kuuliza habari za uti wa mgongo. Mlango wa ukweli ulifungwa pale, kwa maneno mawili yangu, na uliobaki wazi ulikuwa mmoja tu.

Siku chache baadaye, shuleni, mwalimu wetu wa baiolojia alituchorea seli ubaoni. Hajui mpaka leo alichonifanyia. Alisema seli ni nyumba yenye vyumba, na uhai wake wote ni nidhamu ya vyumba hivyo: kazi hii hapa, ile kule, utando katikati. Akatoa mfukoni jani la muhogo. Ndani ya kila seli ya jani hili, akasema, na ya mzizi wake pia, kuna kifuko kimehifadhi aina ya sukari iliyobeba sumu, imelala, haimdhuru mtu. Nje ya kifuko, kwenye ukuta wa seli, kinakaa kimeng'enya, nacho peke yake hakina ubaya. Wanaishi hivyo maisha yao yote, ukuta kwa ukuta, bila kuonana. Akalisaga jani kati ya vidole karibu na dirisha. "Sasa wameonana," akasema, na ile harufu nyembamba ikanifikia dawati la tatu. Nusu ya darasa hawakuisikia. Mwenzangu mmoja akauliza, mbona basi tunakula? Mwalimu akaeleza kuwa ndiyo sababu bibi zetu wanaloweka: majini kuta za seli zinalegea na kuoza, viwili hivyo vinakutana huko huko nje, sumu inatoka na maji na mapovu na hewa. Ukiitoa mapema, mikavu, mizuri, sumu inabaki imelala kwenye unga mpaka iamkie tumboni. Mwili unaweza kuitegua kidogo, ukipata samaki au maharage. Asiyepata, sumu inamwendea kwenye mishipa ya fahamu ya miguu, na miguu hairudi. Nilitazama kile kifuko kwenye ubao, duara la chaki, na sikuona duara. Nilikiona chumba cha Bana Mwape na chumba chetu, na ukuta usiofika juu.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilijua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wanafunzi wangu wananiona mtu mwema. Watu walipokusanyika uani alasiri, majirani wa Kongo na wa hapahapa, na muombezi aliyeletwa kutoka Puta kumtafuta aliyemroga Fifi, mimi nilijua kila kitu kuliko mtu yeyote pale. Fifi aliwekwa kwenye mkeka katikati. Muombezi akamwuliza, "Mutoto, nani anakujia mu ndoto?" Fifi akaitazama miguu yake. Akaulizwa tena. Mara ya tatu, kwa sauti ndogo, akasema, "Bana Mwape."

Mtu akapiga yowe. Wengine wakaanza kuhesabu: alikataa bukari lao, alisema unga haujafa, alimwita mtoto gizani, huongea na nani kila siku mle ndani? "Mulozi! Mulozi!" Bana Mwape alikuwa kizingitini pake. Hakumtazama Fifi wala muombezi. Aligeuza yale macho yaliyofifia hadi yakanipata mimi, akainua mkono wa kulia, vidole vinne, akavishika hewani akasubiri. Alisubiri muda mrefu. Watu walidhani anarusha uchawi, wakarudi nyuma wakijifunika nyuso. Mimi peke yangu nilijua kwamba bibi ananipa nafasi. Nikainamisha kichwa.

Jumatatu mchana walimpandisha mtumbwi wa injini kwenda kisiwa cha Kilwa, humohumo ziwani, alikokuwa na mtoto wa dada yake. Alibeba kinu kimoja, cha majani. Mwanawe alipokuja kutoka migodini aliambiwa yote, akalia, akaamini. Alituachia nyumba tukae kama kwa kutuomba radhi. Hakwenda Kilwa. Mvua za pili wavuvi walileta habari kwamba mama yake amekufa, na hakwenda kuzika. Sisi tuliendelea kulala pale. Nililoweka siku nne tangu hapo, kwa kiherehere, bila kukosa, na nilikuwa nikilala nimeegemea ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, na bado nikisikia pale mtu anapogeuka.

Niliondoka mwaka huohuo kwenda shule ya bweni, nikawa mwalimu wa somo lilelile. Kila mwaka nafika kwenye sura ya seli, nachora kifuko, nakifuta, nakichora tena. Nimekuwa nikijifariji na kitu kimoja: ile ndoto. Mtoto alimwota yule bibi. Watoto hawatungi vitu hivyo. Labda basi kulikuwa na mambo mawili, unga wangu na jambo jingine, na jambo jingine ndilo lililomaliza miguu. Mimi, mwalimu wa baiolojia, niliushikilia uchawi kwa mikono miwili.

Baada ya mazishi nilimkuta Fifi jikoni nyuma ya nyumba, mchana, amekaa kwenye kigoda, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Mwanamke mnene sasa, mchangamfu, anajulikana soko lote kwa ulimi wake. Alikuwa akikoroga bukari la wafiwa. Sikupanga. Nilianza kusema na nikamaliza: dimbwi, mapovu, vijiti, muuguzi, vidole vinne. Mwiko haukusimama hata kidogo. Nilipofika kwenye ndoto nikasema, "Lakini wewe ulimwota, Fifi. Hilo sikuwahi kulielewa."

Hapo mwiko ukasimama.

"Sikuota mutu," akasema.

Nje wanaume walikuwa wakicheka jambo fulani.

"Baliniuliza mara tatu, Yaya. Nilichoka. Nikasema yeye juu ni yeye tu alikuwa anarudisha sahani yetu." Alifuta jasho kwa kiwiko. "Kisha nikajiambia, hapana shida, ni yeye kweli. Juu kama si yeye, miguu yangu ilikufa na nini? Mama aliloweka siku ine. Weye ulisema siku ine. Mi nalala na ile maneno kila siku: Yaya Numbi alisema siku ine."

Tulitazamana. Yeye alikuwa amejificha nyuma ya uongo wangu na mimi nyuma ya wake, miaka yote hiyo, ukuta kwa ukuta, na sasa hapakuwa na mahali pa kujificha hata mmoja wetu. Nililia kwa sauti. Fifi hakulia. Alikuwa na sura ya kutisha, ya mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Kisha akafunika sufuria, akanyoosha mkono kudai magongo yake, nikampa.

"Utaniua?" nikamwuliza, sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Miguu nilishamaliza nayo," akasema. "Ile maneno ya pale inje je? Ba Mwape iko pale anakula. Anapita kila mwaka, ananipa pole, ananiomba samahani ya mama yake. Ananiomba mimi samahani." Alijiinua, visigino vikining'inia hewani kama asubuhi ile. "Watu bote bako. Twende. Weye utasema vijiti, mi nitasema ndoto."

Alitangulia. Alipita kwenye chumba cha mwisho, akachukua ule ufunguo kwenye msumari, akaushika pamoja na gongo. Tulitoka uani kwenye jua. Watu waligeuka walipomwona, wakidhani anataka kuwashukuru. Ba Mwape aliweka sahani chini, akavua kofia, akaanza kuinuka, uso umejaa huruma.

"Kaeni, Ba Mwape," nikasema. "Mama yenu alinisubiri niseme neno hapahapa, nami sikulisema."

Nikainua vidole vinne, nikaanza na vijiti.